Kitanda cha Mtu Mmoja

Jumanne, tarehe kumi na mbili Agosti. Mawingu tangu alfajiri, baridi kavu, mvua hakuna.

Mchora ramani za nyumba, waliyemwita Kamba kwa kuwa hakutoka bila kamba na vigingi vyake, alipanda mteremko nyuma ya nyumba ya Mkunga. Tangu amzike mkewe hakulia wala hakucheka. Alikula akiletewa, alijibu akiulizwa. Ramani zake hazikuisha, na wateja walimkimbia mmoja mmoja. Aliyebaki ni Mkunga, mama mstaafu aliyetaka kijumba cha kukaa peke yake na Mungu wake: chumba kimoja, matofali ya udongo wa palepale, maji ya mvua kutoka paa la bati hadi kwenye tangi, taa moja ya jua. Kikimshinda hiki, Kamba anaifunga ofisi.

Mkunga aliikunjua ramani, akavaa miwani, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mwanangu, umeniozesha? Kitanda cha futi tano, mimi na nani?"

Kamba akatazama. Kweli. Mkono ulikuwa umechora wenyewe, kama miaka yote.

"Samahani, mama. Nitafuta."

"Kufuta ni rahisi. Wanangu wanasema nimewachoka wajukuu. Sijawachoka. Nataka kunyamaza kabla sijanyamazishwa. Kama huwezi kumchora mtu mmoja, sema, nimtafute mwingine."

Kamba akachukua vigingi vyake. Desturi yake ilikuwa moja: msingi hauchimbwi mpaka mwenye nyumba alale ndani ya kamba, ajue macho yataangukia wapi. Akapigilia vigingi, akavuta kamba za kuta, kisha za kitanda, vilevile kama ramani ilivyosema.

"Haya, mama, lala."

"Magoti haya yakilala hayaamki. Lala wewe."

Akalala juu ya nyasi. Mkunga akamzunguka, mikono kiunoni.

"Mbona umejibana ukutani? Huko kote ni kwa nani?"

Kamba akageuza shingo. Kushoto kwake nyasi zilisimama wima, nafasi ya mtu mzima.

"Mazoea, mama."

Mkunga hakusema pole. Aling'oa vigingi viwili, akavisogeza mpaka kamba ikamgusa Kamba begani.

"Sasa unaona nini?"

"Kilima. Na njia ya mbuzi."

"Basi dirisha liwe hapo, chini, usawa wa jicho la aliyelala."

Kamba alingoja uchungu uje. Haukuja. Iliyokuja ni baridi ya ardhi, ikampanda mgongoni polepole, naye akaisikia. Alipoinuka, Mkunga alikwisha kushuka kuchemsha chai.

Kesho yake asubuhi aliamka ukingoni mwa kitanda chake, kama kawaida. Akatandika, mito yote miwili akaiacha mahali pake. Kisha akakaa mezani, akachora kitanda cha futi tatu na dirisha la chini, akaikunja ramani, akampelekea Mkunga.