Wimbo wa Mwisho, Msirudie Kiitikio

Amplifaya kuukuu ikipata moto hutoa harufu ya vumbi linaloungua, na mimi nikiisikia popote pale, hata kanisani, hutafuta kwanza mlango uko wapi. Ugonjwa huo niliupata Juba, ndani ya stoo ya vyombo vya bendi ya baba yangu, nyuma ya nyumba yetu mtaa wa Thongpiny.

Asubuhi moja, nikiwa bado mtoto, baba alikwenda soko la Konyo Konyo kununua nyuzi za gitaa. Kabla hajarudi risasi zikaanza, barabara zikafungwa. Stoo ndiyo pekee iliyokuwa na kuta za matofali, basi tukajifungia humo: mama, ambaye ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi; kaka yake, Mjomba Lado wa gitaa; Otieno, Mkenya mpiga kinanda; na mimi. Dirisha tuliliziba kwa godoro. Joto lilitosha kuoka mkate, na kwapa la Otieno lilinuka vitunguu, wala sikuwa na pa kugeuzia pua. Amplifaya ilikuwa inanguruma chini kwa chini kwa sababu tundu la kuchajia simu lilikuwa mgongoni mwake.

Kupiga simu kulishindikana, lakini intaneti ilikuja na kuondoka. Mchana likaingia neno la baba kwenye ukurasa wa bendi, mahali ambapo yeyote angeweza kusoma, hata wenye bunduki: "Wimbo wa mwisho. Msirudie kiitikio."

Hapa niwaeleze kidogo. Harusi ambazo bendi ilipiga zilimalizwa kwa wimbo wa kuwasindikiza maharusi, na kiitikio chake kilirudiwa mpaka gari la kuwachukua lifike mlangoni. Magari ya Juba hayana haraka, hasa mvua ikinyesha. Niliwahi kusinzia na kuamka, nikawakuta bado wanaimba.

Mjomba aliusoma ujumbe, akakuna kichwa.

"Huyu iko na njaa," akasema. "Njaa ikipanda kwa kichwa, mtu naandika tu."

Otieno alipinga, akadai baba kapata harusi ya matajiri wasiopenda kelele. Mjomba akasema hapana, simu imeibwa na mwizi mwenye wivu na bendi yetu. Wakabishana, wakacheka. Nami nikatoa kisio langu, kwamba nyuzi zimeadimika sokoni kwa hiyo tuzitumie kwa uchache, wakanipigia makofi. Milio ilipokaribia walibishana kwa sauti zaidi. Mama hakukisia kitu. Alikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Nilipodai kuambiwa maana yenyewe, Otieno alinicheka: asiyejua maana haambiwi maana.

Niliwachukia, niseme ukweli. Nilimtaka baba yangu, na watu wazima walikuwa wanacheza vitendawili.

Jioni jirani akagonga. Gari la kanisa lilikuwa nje, linaelekea mpakani Nimule, na dereva hangoji mtu. Mchezo ukakatika papo hapo. Mama akasema, "Khalas, twende," akanishika mkono. Nikang'ang'ania mguu wa kinanda, nikilia kwamba baba hajafika. Otieno alinibandua kidole kimoja kimoja, naye analia.

Baba alitufikia Adjumani, ng'ambo ya mpaka Uganda, baada ya wiki nyingi, akiwa amekonda, amepita njia za Rejaf kwa miguu. Hakuuliza kwa nini hatukumngoja. Mimi niliona ajabu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba tulimtoroka, kwamba laiti wale watatu wangekuwa na akili ya kuelewa alichoandika, tungebaki.

Mwaka jana ndipo nilipomuuliza mjomba ilikuwaje wanamuziki wazima washindwe kuuelewa wimbo walioupiga kila Jumamosi.

"Sisi tulijua pale pale, binti," akasema. "Lakini ukisema umejua, lazima ufunge mizigo."

Kiitikio kilikuwa cha kungojea gari; baba alikuwa ametuagiza tuondoke bila kumngoja yeye. Nao wakajifanya mabwege mbele ya mtoto, wakamngoja mchana kutwa.