Vedette wa Panda Apiga Hodi

Enzi zetu kule Panda, mtoto hakujiita mwanamuziki kabla hajapata mkebe. Mkebe wa mafuta ya kupikia, kipande cha ubao na nyaya za breki ya baiskeli: gitaa hilo, na likikukata vidole hakuna wa kukuonea huruma. Sisi watoto wa kampi ya wafanyakazi tulikuwa na orkestra yetu, Batoto ba Shaba. Ilunga alipiga gitaa, Kasongo ndoo, wote wawili wakiitikia, na mwimbaji wa mbele nilikuwa mimi. Tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba yetu, moshi wa kiwanda cha shaba cha Shituru ukitukwaruza koo, mpaka king'ora cha kampuni kilie na baba arudi akitaka kimya na sahani yake ya bukari.

Sauti yangu ilikuwa ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Lakini shuleni, asubuhi tulipokiimbia Chama tawala sifa kabla ya kushika kalamu, mwalimu aliniweka mbele kwa ajili ya makelele yangu, basi nikavimba kichwa. Nikawatangazia wenzangu kwamba vedette, nyota wa orkestra, hagawani jina na mtu, na kwenye sherehe ya komunyo ya dada yake Ilunga nitaimba peke yangu. Kasongo hakubisha.

"Aya, vedette," alisema. "Shiye tutakula."

Siku ikafika. Ua umejaa, kuku wa mchuzi, vikombe vya munkoyo baridi, akina mama na vitenge vipya. Nimevaa abakosti ya baba, koti lake la sherehe, mikono inakaribia magoti. Nikaanza wimbo wetu wa mtu anayebisha mlangoni kwa mchumba wake: "Hodi, hodi, fungua mulango!" Hapo ndipo waitikiaji hupokea, "Weye nani?" Kimya. Kumbe nusu ya wimbo iko midomoni mwa wengine, na midomo yenyewe imejaa kuku! Nikapiga hodi tena. Kasongo akanitazama, akalamba mfupa. Nikakimbilia upande wa pili wa ua, nikajiitikia kwa sauti nzito, nikarudi mbio kujijibu. Watu walicheka mpaka padri akavua miwani kufuta machozi. Mama yangu alijifunika uso na kitenge.

Tusidanganyane, nilikuwa karibu kulia. Kicheko kingepita, lakini niliogopa kwamba wenzangu nimewapoteza kabisa. Nikapiga hodi mara nyingine. Kasongo akameza polepole, akaweka sahani chini.

"Weye nani?" akaitikia.

Maneno yaliyofuata katika wimbo yalikuwa ya kujisifu. Yalikataa kutoka.

"Ni minye, mwenzenu," nikasema, hata si kwa kuimba.

Ilunga akainuka na gitaa lake, Kasongo akasogea mbele, mimi nikapewa ndoo. Tuliimba mpaka munkoyo ukaisha.

Vijana wa leo hawana taabu hizo. Mjukuu wangu anajifungia chumbani na simu, anaimba, anajiitikia, anajipigia hata makofi. Juzi mimi babu yake nilimuuliza wale wengi wanaoitikia ni akina nani.

"Ni minye yote, kambo," akasema, macho kwenye simu.

Mimi pia siku hizi naimba peke yangu, ila si kwa kutaka. Kasongo na Ilunga wametangulia. Nikifika mahali pa kuitikiwa nanyamaza kidogo, nawaachia nafasi yao, halafu naendelea.