Rangi Iliyokataa Kushika Mti

Tulikuwa sita siku ile. Babu, fundi wa vyombo vya baharini, mzaa mama yangu. Bibi, mkewe. Mama, binti yao wa kwanza. Baba yangu, aliyeoa pale akabaki pale kufanya kazi bandani kwa mkwewe. Mjomba, mdogo wake mama, mtoto pekee wa kiume wa nyumba ile. Na mimi, msichana wa kutosha kutwanga lakini si wa kutosha kuulizwa neno. Majina yao nayajua yote, ya kuitwa na ya utani, na ya wake wa majirani pia. Siyaandiki. Wenyewe wamekwenda, na hakuna wa kumwomba ruhusa.

Tulikaa Mbwera, mto unapoingia baharini, upande wa mkondo ambao tope lake linafika magotini. Muingereza ndiye aliyekuwa anatawala. Mjomba alikuwa amerudi kutoka Burma, kwenye vita vya Wazungu. Alikwenda akiwa fundi, mkono wake ukishika tezo, lile shoka dogo la kuchongea, kama umezaliwa nayo. Alirudi mzima, viungo vyote anavyo, ila mikono inatetemeka. Si sana. Kikombe cha chai ukimpa kimejaa, kinamwagika. Ukimpa nusu anakunywa vizuri. Mama alijifunza kumpa nusu bila kusema kwa nini.

Babu alimrudisha bandani kama kwamba hakuna kitu. Hapo ndipo mkono ulipoteleza, tezo ikapasua ubao wa mbele wa jahazi la watu, ubao ambao baba yangu na babu walikuwa wameupinda kwa moto kwa siku nyingi. Babu hakupiga kelele. Aliichukua tezo, akaifuta, akaitia kwenye kikapu chake.

"Tezo haishikwi na mkono usiojua utakapotua," alisema. "Niletee kitu kimoja ulichokianza mwenyewe ukakimaliza mwenyewe, mpaka rangi. Siku ya kulaza mkuku wa chombo kipya nitakitazama. Kikiwa kimekamilika, utagonga na sisi."

Kwetu mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, ulilazwa siku moja baada ya kisomo cha dua, na kila fundi aligonga nyundo mara ya kwanza mbele ya watu. Aliyegonga ndiye fundi wa chombo kile. Asiyegonga alikuwa mtazamaji, na angebaki mtazamaji. Mjomba alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Akachagua kutengeneza ndege ndogo ya mti, mfano wa zile za vitani. Baba yangu alicheka hadi akakaa chini.

"Shemeji, ndege! Itatua wapi hapa, kwenye tope? Au utamfundisha kaa kuiendesha?"

"Nitakupandisha wewe kwanza, shemeji. Ukianguka, dada yangu atapata mume mwenye akili."

Lakini alikuwa na sababu. Alichukua mizizi ya mlilana, aina ya mkoko, ile inayochomoza juu ya tope, ambayo wavuvi wanachongea maboya ya nyavu. Ni mti mwepesi, ukiuweka kiganjani unadhani umeshika pumzi. Huuchongi kwa nguvu, unachonga kwa kisu kidogo, na mkono ukitetemeka, mti ule unakubali kurudiwa. Kiwiliwili kilitoka kwenye mzizi mmoja mnene. Mabawa aliyaunganisha vipande kwa gundi ya mkorosho.

Kuchonga hakukumchukua muda. Kazi ilikuwa baada ya hapo. Huko vitani alikaa karibu na seremala mmoja wa Kihindi aliyekuwa akitengeneza ndege za kweli, naye alimwambia kwamba mti mwepesi una kiu. Ukiupaka rangi ukiwa mtupu, unainywa yote, nyuzi zake zinasimama kama manyoya ya kuku aliyelowa. Lazima uuzibe kwanza. Basi mjomba alichemsha unga wa mchele ukawa mzito, akachanganya na chokaa iliyochekechwa kwa kitambaa, akaupaka mti wote kwa kidole. Ukikauka, anausugua kwa majani makavu ya msasa, yale yanayokwaruza, sisi tulikuwa tukisugulia miiko. Anapaka tena. Anasugua tena. Alikuwa akifumba macho na kupitisha ubavu wa kidole gumba juu ya bawa, akitafuta mahali panapokwama.

Niliona jambo ambalo nadhani mama naye aliliona, maana alinibinya bega ninyamaze. Alipokuwa akisugua, mikono haikutetemeka.

Siku moja kabla ya kulaza mkuku, ndege ilikuwa imekamilika isipokuwa rangi. Nyeupe, laini kama yai. Mjomba aliiweka juu ya uchanja ipate jua, akachukua mtumbwi kwenda kuonana na rafiki yake aliyekuwa kwenye motaboti ya serikali iliyotoka Utete, ambaye alimwahidi mabaki ya rangi ya mafuta kwenye kopo.

Mama na mimi tulikuwa nyuma ya nyumba, tunatwanga mpunga. Bibi alikuwa peke yake uani.

Sasa, lazima niseme kuhusu nyumba ya fundi wa vyombo. Kwetu mti uliochongwa haukulazwa mkavu. Jua likiushika unapasuka, mdudu anaingia. Kila jioni wanawake walichukua chungu cha sifa, yale mafuta ya maini ya papa, wakapaka kila ubao mpya uliokuwa bandani. Bibi alifanya kazi hiyo tangu alipoletwa pale bibi harusi. Nyumba yetu ilinuka sifa, nguo zetu zilinuka sifa, hata wali. Sisi harufu hatukuisikia tena.

Tulipozunguka na ungo, bibi ameketi, ndege ipo mapajani, mikono yake inang'aa hadi viwiko.

Mama alisimama. "Mama, umefanya nini?"

"Nimemmalizia mwanangu. Mlitaka kesho baba yake aikute imepasuka?" Aliinua ndege juu. Haikuwa nyeupe tena. Ilikuwa na rangi ya ngozi iliyochomwa na jua. "Nimeipaka mara mbili. Mabawa yana kiu hayo, we! Yamekunywa chungu kizima."

Mjomba alirudi alasiri, kopo mkononi. Aliichukua ndege, na mkono wake ukashuka kidogo, maana ilikuwa nzito. Akaisogeza puani. Yeye alikuwa ameondoka miaka, yeye alikuwa bado anaisikia harufu.

"Nani?"

"Mimi, baba," bibi akasema, kwa sababu mama kwetu humwita hivyo mwanawe wa kiume. "Usinishukuru."

Nilimtazama mjomba usoni nikaogopa. Kisha akasema, "Ahsante, mama. Umenisaidia."

Aliizika kwenye majivu ya moto, yanyonye mafuta. Akaifunika kwa mchanga uliochomwa juani. Akasugua, na majani ya msasa yakazibwa na mafuta, yakateleza tu. Mwishowe alipaka rangi, hakuwa na siku nyingine. Rangi ile ya kijivu haikulala juu ya mti. Ilijikusanya matone matone, kama jasho, ikatiririka ikakaa chini ya mabawa. Aliirudisha juu kwa kidole. Ikatiririka tena. Hapo mikono ilikuwa inatetemeka hadi mabega.

Asubuhi, kisomo kikaisha, watu wakala ubwabwa. Babu akamwita mjomba. Aliishika ndege, akapitisha kidole gumba juu ya bawa, na rangi yote ikaja na kidole. Chini yake unga wa mchele ukamomonyoka kama ukoko.

"Nini hiki?"

Bibi alikuwa mlangoni, ametabasamu, anangoja. Mama alifungua mdomo. Mjomba akawahi.

"Dada, funga huo mlango wa jikoni, kuku wataingia kwenye ubwabwa." Halafu akamgeukia babu. "Ni mikono yangu, baba. Rangi imenishinda."

Babu akaigeuza ndege, akaigeuza tena. Nadhani alitaka kusikia neno jingine. Harufu ya sifa hakuisikia, angeisikiaje? Akamrudishia ndege yake, akaenda kwenye mkuku. Babu aligonga. Baba yangu akagonga, na siku hiyo hakutania. Mjomba alisimama na watazamaji, vidole vya kijivu.

Mwaka haukuisha. Alikwenda Mloka, kulinda mashamba ya watu dhidi ya nguruwe na tembo. Kulinda kunataka kelele tu, alisema, debe halihitaji mkono uliotulia. Habari ikaja kwamba amezikwa. Waliosema homa walikuwepo, waliosema tembo walikuwepo.

Babu alikufa akiamini ni mikono. Bibi aliishi baada yake, na mara kwa mara, akiwa anapaka mbao za baba yangu, aliuliza, "Hivi ile ndege ya mwanangu iliharibika nini? Nami niliipaka vizuri."

Mama alimjibu kila mara: "Rangi ile ya serikali ilikuwa imechacha, mama." Na bibi aliitukana serikali, akaendelea kupaka.

Mimi niko Kibiti sasa, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Rangi nimesema ya kijivu, lakini kuna siku naiona ya buluu. Ubao aliopasua nimesema wa mbele, huenda ulikuwa wa ubavuni. Kama wewe ni wa Mbwera na wazee wako walikula ubwabwa ule, nisahihishe, sitaona vibaya. Na kama wewe ni wa Mloka, na unajua ni homa au ni tembo, na kaburi liko upande gani wa kijiji, hapo hasa ndipo ninapotaka kusahihishwa.