Tofali Ndani ya Karai

Mama aliniambia tangu mwanzo, bila kuzunguka: mvua ikimkuta hana bati juu ya kichwa, anarudi Kasulu kwa kaka yake. Tulikuwa tumesimama kwenye kiwanja chetu Mabamba, kiwanja alichotuachia baba, chenye kibanda cha nyasi kilichovuja kila kona. Alisema, akakohoa, akaendelea kung'oa magugu.

Kasulu tulishaishi, baada ya baba kufariki. Mke wa mjomba alimtengea mama kikombe chake, kisha sahani yake, mwishowe kigoda chake nje ya mlango. "Kikohozi chako kinaingia kwenye chakula, wifi," alikuwa akimwambia mbele ya wageni. Mama alikuwa anajibu "Ego," ndiyo kwa Kiha, akachukua kigoda akasogea. Nilijua kurudi kule kungemmaliza. Nilikuwa binti mdogo bado, na niliamini kwamba nikijenga nyumba isiyo na kosa hata moja, hatarudi.

Miaka ile vilima vyetu vilikuwa vimenyolewa. Makambi ya wakimbizi yalikuwa yamejaa watu waliovuka kutoka Burundi, kama babu yangu alivyovuka zamani, na kila mtu alihitaji kuni na miti. Sisi wenyeji nasi tulikuwa tunakata, kuchomea matofali. Ndipo ukaja mradi wa nyumba za kutunza misitu. Anayejenga nyumba mpya bila kuchoma matofali na bila kukata nguzo porini, mlango wake ungepigwa alama ya rangi ya kijani. Mwenye alama angepewa mabati na mbao za kenchi za kushikia paa. Mkaguzi wao tulimwita bwana mazingira. Mwanzoni alikuwa anaangalia tu uwanjani kama kuna majivu ya tanuri au visiki vibichi.

Ujenzi sikuusomea popote. Nilijifunza kwa kubomoa pole pole ghala la zamani lililokwisha kuanguka kando ya barabara ya Kibondo, nione tofali za kona zilivyokuwa zimeshikana. Timazi yangu ilikuwa jiwe kwenye kamba. Pima maji yangu ilikuwa chupa ya soda yenye maji nusu, iliyolazwa juu ya ukuta. Maji yakiegemea upande mmoja kidogo tu, nilibomoa kozi nzima, mstari wote wa tofali, nikaanza upya.  Nikienda kuteka maji, niligeuka njiani kurudi kuangalia pembe moja niliyokuwa nimeshaiangalia.

Jirani yetu, mzee mmoja aliyependa kuja kukaa juu ya rundo la udongo wangu, hakuniacha.

"Wewe binti, hilo tofali unalipapasa kama mtoto mchanga. Litanyonya saa ngapi?"

"Niache, mzee."

"Nikuache nani atakuoa? Mwanamume akikosea kukunja shati si utamfumua?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, lakini akiondoka nilipima tena.

Kuta zilikamilika kiangazi kikiwa bado na nguvu. Udongo ulikuwa wa kichuguu, nimeukanyaga na majani makavu, tofali nikazikausha kivulini zisipasuke. Mama akafanya lake. Kwetu, mwenye nyumba ndiye anayewasha moto wa kwanza, ndani, kwenye kona iliyo mbali na mlango, hata kabla ya paa. Moto huo hauzimwi haraka, unalishwa siku baada ya siku mpaka mwenyewe aridhike kwamba nyumba imempokea. Kisha anazoa majivu na kusiriba kona kwa udongo mpya kwa mkono wake, pasibaki hata alama ya moshi. Mama alikaa pale na mafiga yake matatu akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona Kasulu. Alitumia visiki vikavu na mabua. Alisiriba vizuri kuliko mimi.

Baada ya hapo tuliitwa mkutanoni. Bwana mazingira alieleza kwamba masharti yamerekebishwa. Watu walikuwa wanachoma matofali bondeni, mbali, na kuyaleta yakiwa yamepoa. Kwa hiyo kuanzia sasa angetoa tofali moja ndani ya nyumba, chini kwenye kona, mahali wanapopenda kuyaficha, na kulizamisha majini. Likiyeyuka, ni bichi, nyumba imepita. Lisipoyeyuka, limechomwa.

Watu waliguna. Mzee jirani akauliza, "Yaani nyumba nzuri ni ile inayoyeyuka?"

"Nyumba nzuri ni ile ambayo haikula mti, mzee wangu."

Mimi nilifurahi. Sikuwa nimechoma hata moja.

Alipofika kwetu alisalimia kwa adabu, akamwita mama "mama yangu," akavua viatu kwa sababu sakafu ilikuwa imepigwa samadi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona iliyo mbali na mlango. Sikuelewa mpaka sururu yake ndogo ilipoingia ukutani. Alivuta tofali, akaliweka kwenye karai la maji.

Tulisubiri. Nilichuchumaa karibu na karai, na nakiri kwamba sijawahi kuomba kitu kwa nguvu kama nilivyoomba kazi ya mikono yangu igeuke tope. Udongo wa kusiriba ulitoka, maji yakachafuka. Chini yake tofali lilikuwa jekundu, limekaa vilevile, na pembe zake nilizozinyoosha kwa kisu.

"Mama, hili limechomwa," bwana mazingira alisema.

"Palikuwa na moto wangu hapo. Moto wa nyumba."

"Moshi uko wapi?"

"Nimesiriba."

"Kwa nini usiribe, kama hufichi?"

Mama alinitazama nimsaidie, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimemkasirikia yeye. Nikasema, "Vuta lingine, kaka. Vuta popote."

Alisita. Nadhani alituamini. "Nikivuta lingine hapa, kesho kila nyumba itanitaka nivute mpaka nipate la kuwafurahisha. Nitarudi msimu ujao."

Mvua haikusubiri msimu wake. Nilifunika vichwa vya kuta kwa majani ya migomba na kipande cha turubai, upepo ukavifunua. Tofali zangu za kichuguu zilivumilia kuliko nilivyotegemea, kisha zikaanza kuteremka kutoka juu, kozi baada ya kozi, zikiwa zimenyooka mpaka mwisho. Kibandani mama alikuwa analala amekaa, kwa sababu akilala chali hapumui. Asubuhi moja nikamkuta amefunga nguo zake kwenye kanga.

"Mama, nipe muda kidogo."

"Hukukosea, mwanangu. Wewe ukuta wako ulinyooka." Kisha akaongeza, kama utani, "Kigoda changu kitakuwa bado kipo pale nje."

Alipanda lori la mahindi kwenda Kasulu. Alifariki kule kabla mvua hazijakatika. Nilifika siku ya maziko. Kigoda kilikuwa bado nje ya mlango.

Kiangazi kilichofuata bwana mazingira alirudi. Alikuta ukuta umebaki kona moja tu, ile ya moto, imesimama peke yake katikati ya tope lililokauka. Alinipa pole. Halafu akanieleza kwamba masharti yamebadilika tena. Nyumba nyingi zilizopata alama zilianguka. Sasa wanatoa saruji kidogo ya kuchanganya na udongo, na tofali likikaa majini lisiyeyuke ndiyo linapita.

"Kama lile la mama?" nikauliza.

Aliandika jina langu kwenye orodha ya saruji.

Nilijenga tena, kwa pima maji yangu ileile. Tofali lilikaa kwenye karai, mlango ukapigwa rangi ya kijani, mabati yakaletwa. Mzee jirani alikuja akatazama paa, na safari hii hakutania. Aliuliza tu, "Umewasha?"

Mwenye nyumba ndiye anayewasha, na mwenye nyumba sasa ni mimi. Kuni ninazo, nimezipanga kwenye kona iliyo mbali na mlango, lakini sijaziwasha. Mvua ikinyesha ndani hapavuji hata tone. Napika nje, chini ya lile turubai.