Kiindonesia cha Zizini

Jirani yangu Bayingana wa Kibabi hajawahi kupita Goma, na sijui shetani gani alimshauri akubali kwenda Indonesia. Chama chetu cha wafugaji kilimchagua akakae miezi sita kwa familia moja huko, ajifunze kazi yao ya maziwa. Sharti lilikuwa moja: familia ile haijui Kifaransa wala Kiswahili, basi ajifunze Kiindonesia kwa wiki sita, kisha apimwe kwa simu. Akishindwa, anakwenda Sylvain wa Kashebere. Bayingana alisema akishindwa na Sylvain atahama Masisi yetu yote.

Masomo yalikuja kwenye simu, sauti tupu. Akamwomba mke wake Mukasine wajibizane.

"Minaenda kulima maharagi," Mukasine alimjibu. "Ongea na ng'ombe. Zile njo ba rafiki yako."

Kwetu hukamui ng'ombe kimya. Unamsemesha mpaka aachilie maziwa. Bayingana akaanza kumsemesha Gaju, ng'ombe wake wa kahawia, kwa Kiindonesia. Siku tatu Gaju alibana maziwa kwa hasira. Ya nne akaachilia, na kufikia wiki ya tatu alikuwa hataki tena lugha nyingine. Mukasine alimfukuza mahindini kwa Kinyarwanda na Gaju akaendelea kutafuna. Bayingana akisema "mundur" tu, anarudi kinyumenyume. Pasta wetu naye alipita zizini akaambiwa "mundur". Alirudi nyuma hatua nne, kisha akauliza maana yake.

Siku ya mtihani tulijaa uani wote, maana umbea hauna kazi za shamba. Aliyepiga ni Mama Adelaïde wa Goma, aliyeishi Indonesia miaka mingi. Akamuuliza jina lake kwa Kiindonesia. Bayingana akaigeuza simu mikononi, akatazama zizini. Lugha aliijua, ila hakuwahi kumsemesha nayo mtu.

"Mama, unisamehe," alisema. "Niache niongee na Gaju."

Niliona aibu kwa niaba ya kijiji kizima. Aliweka simu juu ya uzio, akachuchumaa, akaanza kukamua huku Mukasine akimshikia ndama. Akasema dakika kumi bila kituo. Kuna mahali sauti ilishuka, akafuta macho kwa mkono wa shati. Tulidhani anaeleza usafi wa ndoo.

"Papa Bayingana, ulishafaulu," simu ikasema kwa Kiswahili, na sote tukasikia. "Lakini ile ya kuogopa kulala mbali na bibi yako, ya kusema bila yeye hautajua kama asubuhi ilishafika, ulipashwa kumwambia yeye mwenyewe. Hapana ng'ombe."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Bayingana alibaki ameinamia kiwele. Mukasine akamwachilia ndama, akamshika mumewe kidevu, akamgeuza uso.

"Niko hapa," alisema. "Rudilia na Kiswahili."