Nilivyojifungia na Mama Mkwe Ndani ya Gari la Umeme

Hii stori siisimulii mke wangu akiwa karibu, na nawaambia nyinyi kwa sababu video mmeshaiona, sina tena cha kuficha. Ndiyo, yule jamaa wa suti ya kijivu anayetoka kwenye buti kichwa kwanza, kiatu kimoja kikibaki ndani, ni mimi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la umeme, la kispoti, milango miwili tu, rangi ya machungwa, limekaa chini kiasi kwamba kila tuta la mtaani kwetu Mbotela lilinikwaruza roho. Nililinunua mkono wa pili, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekunywa chai na mimi kwa amani. Ukisema unaenda kuweka petroli nakutazama kwa huruma, kama mgonjwa. (Naliaka, mke wangu, alisema nimeokoka upya, ila safari hii nimeokolewa na betri.)

Sasa kulikuwa na kitu kidogo. Kila asubuhi skrini iliniandikia kwamba betri ndogo imechoka, maana haya magari, mbali na ile betri kubwa ya kuendesha magurudumu, yana nyingine ndogo ya kufungua milango, kushusha vioo na kuamsha mitambo. Mimi nilibonyeza OK, maandishi yakapotea, nikajiona fundi.

Jumapili hiyo mama mkwe alikuwa ametoka Kakamega, amefikia mtaa wa Ziwani kwa kakake, mstaafu wa reli, na kanisa moja la mtaa wa Lucky Summer lilikuwa limemwalika kuombea akina mama. Naliaka akataka twende sote. Nikamwambia atangulie na watoto, mama nitamleta mimi, kistaarabu. Na lazima mjue, kwetu Waluhya mama mkwe humkaribii ovyo: humpi mkono, hukai naye kiti kimoja, mkikutana njiani unampisha. Kwa hivyo alipita kando ya kiti cha mbele kwa shida, akakaa nyuma na gauni lake jeupe la kanisa, na mimi nikageuza kile kioo cha katikati nisije nikamtazama usoni.

Ningeenda Lucky Summer moja kwa moja hamngekuwa mnanicheka. Lakini nikazunguka Mbotela kwanza, eti nimesahau Biblia, kumbe nataka majirani wanione. Nikasimama mbele ya kibanda cha chapati cha Mama Chapo, nikazima gari, nikapandisha vioo vyote.

"Mama," nikasema, nikitazama usukani, "sikia vile hakuna kelele."

Kweli hakukuwa na kelele. Nilipobonyeza kuwasha pia hakukuwa na kelele. Likalia tik, tik, skrini ikawa nyeusi, na milango ambayo hufunguka kwa kitufe ikakataa. Vioo, vikakataa. Honi, ikakataa. Kuna kamba ya dharura chini ya mlango, nikaivuta, ikabaki mkononi mwangu, na ya upande wa pili haikuwepo hata mahali pake.

Nikampigia aliyeniuzia. Akaniambia nisome kitabu cha gari. Kitabu ni cha Kijapani.

Jua la saa tano likaanza kutupika. Watu wakajaa. "Sukumeni!" mmoja akapiga kelele, na wakasukuma kweli, gari lisitikisike. "Buda, vunja kioo!" Mama Chapo akabandika uso kwenye dirisha, akaona mama mkwe anajipepea na kitabu cha nyimbo, akageuka na kuwaambia wote, "Huyo mama ana presha! Mnachukua video ya nini?"

Hapo ndipo nikaogopa kwa dhati. Ningeruka kiti niende nyuma nimsaidie, lakini nitamgusaje? Nikabaki pale jasho likinitoka, nasema, "Pole Mama, pole Mama," bila kugeuka. Afadhali kioo nikivunje, nikafikiria, lakini kwa kitu gani, kwa Biblia?

"Baba Trevor," akasema, mara ya kwanza tangu Ziwani. "Hiki kiti kinalala?"

"Kinalala, Mama. Kuna kitu cha kuvuta juu hapo."

Nikasikia kiti kikilala. Nikasikia akihema, akitambaa kwenda kwenye buti, akiita jina la Yesu, kisha akapata kile kishikio cha kufungulia kutoka ndani, akakisukuma kwa kisigino, na buti likafunguka. Mama Chapo na wanawake wawili wakampokea. Mimi nilikuwa nimejifunika uso na kitabu cha Kijapani.

Ikabaki zamu yangu. Nikapita katikati ya viti, nikafika buti, na kiuno kikakwama. Suti ikapasuka, hamtaki kujua wapi. Vijana wote wameshika simu, hakuna mkono wa bure. Basi akaja mama mkwe mwenyewe, akanishika mikono yote miwili na kunivuta kama anang'oa muhogo, nikaanguka miguuni pake.

Nusu ya watu pale ni wa kutoka kwetu. Mzee mmoja akasema, "Ai, amemshika mkwe!"

"Na ningefanya nini?" mama mkwe akamjibu, akipangusa vumbi kwenye gauni. "Ningemwacha afie humo ndani kwa heshima?"

Fundi alikuja na betri ya kawaida, akaunganisha waya mbili, gari likaamka kama halijawahi kukosea mtu. "Motor iko sawa, betri kubwa iko sawa," akasema. "Haka kadogo ndiko kamekufa. Halikukuambia?" Nikasema halikuniambia.

Kanisani mama mkwe alifika kwa bodaboda, amechelewa, na ushuhuda wake siku hiyo nasikia ulichukua muda kuliko mahubiri. Sitabonyeza OK tena bila kusoma, hilo naapa. Na wazee wa pande zote mbili walipokaa kuzungumzia ile mikono, mama mkwe aliwasikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono mbele yao wote, akanitakia amani kwa Kiluhya, "Mulembe, Baba Trevor," nikaushika huku nikitazama chini, maana mpaka leo kumtazama usoni bado siwezi.