Mume Wetu na Kigari Chake cha Tairi Tatu

Kigari kilifika nyumbani kwangu Mazimbu kikiwa kimefungwa nyuma ya bodaboda kama mbuzi wa sikukuu. Mwanangu alikuwa amekinunua kwa familia moja ya wageni waliokuwa wanafunga mizigo kurudi kwao, na alikifurahia kuliko hata mtoto ambaye kilinunuliwa kwa ajili yake. Alikishusha, akakikunjua, akabonyeza hapa, akavuta pale, mpaka kikasimama uani. Kilikuwa na tairi tatu za upepo kama za baiskeli, mbili nyuma na moja mbele, kiti cha kitambaa chenye mikanda, kofia ya kuzuia jua na breki ya mkono.

"Mama, hiki si cha kutembezea," akaniambia. "Ni cha kukimbilia. Unakimbia huku unamsukuma mtoto."

"Nani anakimbia?"

"Wewe. Daktari si alisema ufanye mazoezi?"

Ni kweli daktari alisema. Tangu nistaafu ualimu nilikuwa nimenenepa, presha imepanda, na kila nikienda kliniki naulizwa kama natembea. Jibu langu lilikuwa moja siku zote: nitatembea saa ngapi, nami nalea mjukuu? Mkwe wangu, yaani mke wa mwanangu, ni muuguzi na anaingia zamu. Mwanangu anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, anarudi mwisho wa juma. Mtoto nabaki naye mimi. Hakuna daktari aliyewahi kulipangua jibu hilo. Sasa kisingizio changu kilikuwa kimewekewa magurudumu.

Mjukuu mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea kwa kushika kuta. Namwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na yeye kwa upande wake alikuwa mume mkali, hapendi kuchelewesha uji.

Asubuhi ya kwanza nilitoka mapema nisionwe. Nilivaa suruali ya mazoezi ya binti yangu mdogo, juu nikafunga khanga, maana sikuwa tayari kwa suruali peke yake. Nilichagua barabara za ndani za chuo cha jirani, zenye lami na miti, ambako magari ni machache. Kutoonwa kulinishinda pale pale kwenye kona, penye kijiwe cha bodaboda.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, wanangu."

"Bajaji hiyo imesajiliwa, Bibi? Mpaka mjini unachukua shilingi ngapi?"

Walicheka, nami nikacheka, nikapita kwa kasi kuliko nilivyopanga. Wanafunzi waliokuwa wanakwenda darasani walinipisha njia. Mama mmoja anayekaanga vitumbua aliacha kijiko hewani kunitazama. Watoto wawili walinifuata hatua kadhaa wakidhani nauza aiskrimu, wakachungulia ndani, wakakuta mume wangu anawatazama, wakarudi zao.

Siku chache nilitembea tu. Kukimbia kulikuja bila kukusudia. Kuna mteremko mdogo barabarani, na siku hiyo kigari kilinivuta. Nikaona ama nikivute kirudi, ama nikifuate. Nikakifuata. Khanga ilipepea, miguu iliyosahau mbio ikakumbuka kitu, na kutoka chini ya ile kofia nikasikia kicheko ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia kwa mtoto yule, kicheko cha tumboni, cha kukatika pumzi. Tulipofika chini akageuza shingo akanitafuta, akasema neno alilokuwa amelijua juma lile:

"Tena!"

Nikapanda naye mteremko, tukashuka tena. Nikapanda tena. Nilirudi nyumbani nimelowa jasho, nikanywa maji kama ng'ombe, na mchana ule nililala usingizi wa kijana.

Basi, asubuhi moja tunarudi hivyo, mimi nahema, mtoto amefungwa mikanda yake, tukamkuta mgeni amesimama getini na kikapu kichwani. Alikuwa mama mzazi wa mkwe wangu, bibi mwingine wa mtoto. Yeye anaishi milimani, juu huko upande wa Kinole, na hushuka mara chache, akija na mizigo ya kulisha mtaa mzima. Tulikuwa tunaheshimiana sana, heshima ile ya wakwe, ya kukaa mwisho wa kiti na kusifia chakula kabla hujakionja.

Alitua kikapu, akakitazama kigari mbele na nyuma.

"Mkwe," akasema taratibu, "mtoto amefanya kosa gani?"

"Kosa?"

"Naona mmemfunga."

Nikamweleza habari za daktari na presha, na kwamba mikanda ile ni ya usalama. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mchuuzi wa dawa ya mende. Halafu akasema, "Mtoto ana mabibi wawili, ana migongo miwili, halafu anabebwa na toroli?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachutama mbele ya kigari, akamtazama mjukuu usoni, kisha akainua macho kwangu. "Na anaangalia mbele, wewe uko nyuma. Akiogopa, anamtazama nani?"

Alisema kweli. Siku zote nilikuwa nimeona kisogo chake tu na kofia ya kigari. Yeye alifungua mikanda, akampandisha mtoto mgongoni, akafunga khanga, na mtoto hakushuka mpaka jua limezama. Usiku nilitafakari lile swali kuliko nilivyopenda. Kuanzia kesho yake, kila tulipofika penye kivuli nilisimama, nikazunguka mbele, nikachutama, tukatazamana. Magoti yalilalamika, lakini sikuacha.

Kabla hajaondoka alituachia neno: mtoto apelekwe nyumbani, akaone kwao. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mume wangu alikuwa hajakanyaga ardhi ya ukoo wake. Masika yalipokwisha na njia kukauka, mkwe wangu hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo nikampeleka mimi. Na nikabeba kigari. Kwa nini? Kwa ubishi. Nilitaka mkwe mwenzangu aone kwamba chombo kile kinapita popote.

Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu ukisimama mlangoni unamwona mgeni tangu yuko mbali, unaweza kumpikia ugali kabla hajafika. Milima nimeishi chini yake miaka mingi, kuipanda ni jambo jingine. Gari la abiria lilitushusha mwisho wa barabara, na mkwe mwenzangu alikuwa anatungoja hapo. Alikiona kigari, akakaza khanga kiunoni. Nikamfunga mtoto mikanda, tukaanza safari.

Hatua za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha njia ikawa nyembamba, ikajaa mawe na mizizi, ikainuka kama ngazi. Tairi la mbele likawa linagonga na kuruka, na kichwa cha mtoto kinatikisika kama kibuyu. Akaanza kulia. Nikazunguka mbele nimwoneshe uso wangu, lakini uso wa bibi anayehema vile haumtulizi mtu. Mkwe mwenzangu alikuwa ameshafungua khanga yake.  Alimchukua tu, akamweka mgongoni, na kabla hatujafika kona ya kwanza mtoto alikuwa amelala, shavu limebanwa begani.

Ndivyo nilivyopanda milima ya Uluguru nikisukuma kigari kitupu. Kila tuliyekutana naye alitusalimia, akachungulia ndani, akaniuliza, "Mtoto yuko wapi?" Nami nikajibu, "Yuko mbele, ametangulia." Mkwe mwenzangu alikuwa anapanda bila kuhema, huku anaongea na watu wa pande zote mbili za njia. Nilipofika kwake nilikuta maji ya kunywa, jamvi limetandikwa, na ukoo mzima umejaa uani wakimpokezana mume wangu. Wazee walimshika masikio, wakamtazama vidole vya miguu, wakasema huyu ni wetu. Hakulia hata mara moja. Mkwe mwenzangu alisimama pembeni, macho yamemlowa, akajifanya anapuliza moto.

Kurudi ndiko kulikotubadilisha. Asubuhi ya kuondoka nilimwomba yule mama anifunge mtoto mgongoni mimi. Kazi hiyo nilikuwa sijaifanya tangu kitinda mimba wangu aanze kutembea, lakini mgongo haukusahau. Kigari kikabaki kitupu, na yeye si mtu wa kuacha chombo kiende kitupu. Akakipakia mkungu wa ndizi, mananasi na viungo vya chai, akavifunga mikanda barabara kama alivyoniona nikimfunga mtoto.

"Leo kitafanya kazi yake," akasema, na akakisukuma mwenyewe kutusindikiza hadi barabarani.

Kigari kile kina ugwe wa kufunga mkononi kisikuponyoke. Nilimwambia. Akasema hizi ni ndizi, si mtoto. Tulifika mahali ambapo njia inashuka na kunyooka, akakiachia ili ajifunge vizuri kilemba. Ilikuwa ni kujifunga kilemba tu. Kigari kikatingishika, kikajifikiria, kikaondoka.

Nilitaka kupiga kelele, "Mkwe mwenzangu, mzigo!" Ulimi ukateleza kwa hofu, nikapaza sauti mlima mzima ukasikia:

"Mke mwenzangu! Mzigo unakimbia!"

Akaachia kilemba, akakimbia. Mimi nyuma yake na mtoto mgongoni. Mbele yetu kigari kinaruka mawe, mkungu umekaa wima ndani ya mikanda kama abiria mwenye haraka. Baba mmoja mwenye jembe alipanda ukingoni kukipisha, akatupigia kelele, "Mama, gari lenu halina dereva!" Kikaacha njia kwenye kona, kikazama katikati ya magimbi karibu na kijito, tukabaki tunaona majani yanatikisika.

Tulipofika kilikuwa kimesimama. Nanasi moja lilikuwa limechomoka. Mkungu haukuwa umetoka mahali pake. Mkwe mwenzangu akashika kiuno, akakitazama, kisha akanigeukia.

"Umeniitaje?"

Nikaanza kuomba radhi. Naye akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope, nami nikakaa, na mtoto, akihisi mgongo wangu unatikisika, akacheka kuliko sote.

"Si uongo," akasema akijifuta machozi. "Mume si mmoja?"

Tangu siku ile hatukuitana mkwe tena. Heshima ya mwisho wa kiti ilibaki kwenye magimbi. Sasa akinipigia simu anaanza na "Mke mwenzangu, mume wetu ameamkaje?" na mkwe wangu, mama mtu, anatutazama kama wendawazimu.

Miezi michache baadaye macho yakamsumbua mke mwenzangu, akashuka kutibiwa, akakaa kwangu. Kila asubuhi alitufuata kwenye mazoezi, mimi na kigari, yeye kando na viatu vyake vya plastiki, yeboyebo, mikono nyuma, akikagua. Siku ya tatu au ya nne akasema, "Hebu nishike kidogo." Nikamfunga ule ugwe mkononi. Hakubisha.

Alianza taratibu. Akazoea. Tulipofika kwenye ule mteremko nikamwambia ashikilie breki. Sijui kama alinisikia. Nilichoona ni khanga imekusanywa mkononi na yeboyebo zinapiga lami. Vijana wa kijiweni walisimama juu ya pikipiki zao wakashangilia, "Kaza, Bibi, kaza!" Nilikimbia kumfuata na sikumpata. Watu wa milimani wana miguu, na lami kwao ni mchezo.

Chini alisimama, kifua kinapanda na kushuka. Akazunguka mbele, akachutama, akainua ile kofia ya kigari. Niliwakuta wanatazamana, wote wawili midomo wazi.

"Haogopi," akaniambia. "Hata kidogo." Halafu, baada ya kupata pumzi: "Lakini mlimani anabebwa."

"Mlimani anabebwa," nikakubali.

Daktari ameridhika na presha yangu, ingawa bado ananifuata na habari za chumvi. Mke mwenzangu alitibiwa, anaona vizuri, na siku hizi hashuki mjini bila kukaa kwetu siku kadhaa. Mume wetu amekua. Hataki tena kukaa kitini, anataka kusukuma mwenyewe, amenyoosha mikono juu ya kichwa ndipo afikie chuma, haoni mbele wala pembeni. Safari tuliyokuwa tunaimaliza kabla jua halijakolea sasa inaishia kwa yule mama wa vitumbua. Tunakwenda nyuma yake polepole, wanawake wawili wazima, tukisimama kwa ajili ya siafu, kwa ajili ya kizibo cha soda, kwa ajili ya mbwa wa watu.

Jumamosi iliyopita alikisukuma kigari moja kwa moja hadi mtaroni. Mwenzangu akamdaka mtoto kwa shati, mimi nikadaka kigari, tukawatoa wote wawili wamejaa tope. Mtoto hakulia. Alichutama, akalipapasa lile tairi la mbele kwa kiganja.

"Pole," akakiambia kigari.

Tukakinyoosha, tukaendelea na safari ya vitumbua.